Mgeni wa Vila Namba Tisa

Taa ya namba tisa iliwaka saa nne asubuhi, na namba tisa haikuwa na simu. Haikuwa hata na mlango. Ilikuwa msingi mtupu wa zege upande wa nyuma wa kisiwa, nondo zimechomoza juu zikiota kutu, mwaka wa pili sasa tangu mafundi watupe vifaa vyao na kuondoka wakisema vichwa vinawauma.

Kengele aliitazama ile taa. Jina lake halisi lilikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini pale kisiwani wote walimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, na sauti ndiyo iliyompatia kazi. Alikuwa mpokea simu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko, hakina dirisha, kina kiti kimoja, feni moja yenye manung'uniko, na ubao wa simu wenye taa tisa ndogo, moja kwa kila vila. Wageni hawakujua kama kuna chumba cha namna hiyo. Walichojua ni kwamba ukinyanyua simu, kabla haijalia mara ya tatu, sauti tamu inakuuliza unataka nini, na unakipata.

Kisiwa kizima kilikuwa hoteli moja. Vila nane zilizokamilika, wageni kumi na sita wakizidi sana, na bei ya usiku mmoja ambayo wafanyakazi waliitaja kwa kunong'ona, kama mtu anavyotaja ugonjwa wa jirani. Kwa bei hiyo mgeni alinunua ukimya, shuka laini, na kitu kingine ambacho meneja alikirudia kila Jumatatu kwenye kikao, akiwa amesimama wima na tai yake imebana shingo.

"Mgeni wa hapa halijui neno hapana. Akitaka theluji, mwambie bila shaka, halafu njoo kwangu tuone tunafanyaje. Hilo hapana lenu mliache ng'ambo mnapopanda boti."

Aliyeteleza akalitamka alirudishwa na boti ya siku hiyohiyo. Mwosha vyombo mmoja alifukuzwa kwa kumwambia mgeni kwamba mvua haizimwi.

Baada ya miaka mitatu, Kengele hakuhitaji tena kusikiliza anachoombwa. Taa ikiwaka, mkono unanyanyua simu, mdomo unasema "bila shaka, mheshimiwa", kalamu inaandika ombi kwenye karatasi ya kazi, na akili inafika mwishoni kabisa, ikifika. Alijivunia hilo. Meneja alimtolea mfano kwa wengine, na wengine wakamchukia kidogo, kama ilivyo kawaida.

Ng'ambo ya maji alikuwa na binti wa miaka saba, aliyelelewa na mama yake Kengele. Mtoto huyo walimwita Kasuku kwa maneno. Kila siku saa sita mchana, wageni wakiwa mezani, Kengele aliruhusiwa dakika tano za kupiga simu nyumbani kwa ubao uleule.

"Umekula?"

"Hapana."

"Maziwa umekunywa?"

"Hapana, sitaki, yananuka ng'ombe."

"Basi ukaoge."

"Hapana, mama! Nilioga jana."

Kengele alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Neno alilokatazwa yeye kutwa nzima, mwanawe alilisema mara ishirini katika dakika tano, kidevu juu na mdomo wa chini umechomoza, maana hata kwenye simu aliuona ule mdomo. Alilipenda neno lile kinywani mwa mtoto kuliko wimbo wowote. Kazi yote ile aliifanya kwa ajili ya huyo, wala hakuwa na kingine duniani.

Sasa taa ya tisa iliwaka, na mkono wake ukafanya ulichozoea.

"Habari za asubuhi, nikusaidie nini?"

Upande wa pili palikuwa na maji yanayodondoka. Tone, kimya kirefu, tone. Kisha ikaja harufu. Simu haipitishi harufu, hilo hata mtoto anajua, lakini kwenye vile vitundu vya mkono wa simu ilitoka harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi.

"Naomba taulo," ilisema sauti. Ilikuwa ya chini, yenye adabu, na huwezi kusema ni ya mwanamume au ya mwanamke.

"Bila shaka, mheshimiwa."

Alimwita mhudumu wa vyumba, baba mmoja mnene mwenye watoto watano na mzaha usiokwisha, akampa karatasi ya kazi. Yule baba aliisoma mara mbili.

"Dada Kengele, umeamka salama? Namba tisa ni zege. Taulo nimpelekee nani, mjusi?"

"Kaka, karatasi imeshaandikwa. Wewe peleka."

Ndivyo walivyofanya kazi pale: karatasi ikishaandikwa, kitu kinapelekwa. Akaenda, akaziweka taulo mbili juu ya zege, akarudi akicheka peke yake. Kesho yake alipopita alizikuta zimekunjwa vizuri kuliko alivyozikunja yeye, na zimelowa chapachapa, siku ya jua la kupasua mawe. Tangu siku hiyo alipunguza mzaha.

Maombi yakaendelea. Kiti. Taa. Chakula cha mtu mmoja, bila chumvi. Kila kitu kilipelekwa, kwa kuwa kila kitu kiliandikwa, na kila sahani iliporudi ilikuwa imelambwa ikang'aa. Mambo yakamfikia meneja. Alikwenda mwenyewe adhuhuri na viatu vyake vya kung'aa, na aliporudi ngumi yake ilikuwa imefumbwa. Akaifumbua juu ya meza ya jikoni. Ndani yake kulikuwa na sarafu nzito za njano, za zamani, zinavuja maji.

"Zilikuwa juu ya kiti," alisema.

Fundi bomba wa kisiwa, mtu mrefu asiye na maneno mengi, aliziangalia kwa mbali.

"Bosi, chini ya lile zege kuna kisima. Mafundi walikiziba tukiwa tunaona. Mimi bomba zangu zinaishia namba nane."

"Mgeni anayelipa ni mgeni," meneja akajibu, na kuzitia mfukoni. "Muandikeni kama wenzake."

Wakamuandika. Chini ya taa ya tisa pakabandikwa kibandiko kizuri, sawa na vila nyingine zote.

Siku hizohizo, vila namba tatu ilikuwa na mgeni mmoja tu, mama mtu mzima, mjane, mwalimu mstaafu wa hesabu. Yeye na marehemu mumewe waliwahi kuona picha ya kisiwa kile kwenye kalenda wakaahidiana kufika. Mume alipofariki, mama aliuza kiwanja, akaja peke yake kwa siku kumi. Kila asubuhi alipiga simu, wala haombi kitu.

"Mwanangu, wewe uko hapa kila siku. Niambie ukweli. Hapa panalingana na hela niliyotoa?"

"Bila shaka, mheshimiwa."

"Haya. Wote wananijibu hivyohivyo." Akaweka simu taratibu, na taa nyingine ilikuwa imeshawaka.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa katikati ya msimu, vila zote zimejaa, taa zinawaka kwa pamoja tangu asubuhi mapema kama zimekubaliana. Namba mbili wanataka boti. Namba tano wanataka ndege waache kulia. Namba nane wanataka keki isiyo na sukari lakini tamu. Kengele alirukia huku na huku, kalamu inakimbia, mdomo unakimbia.

"Huku kimya mno," ilisema ile sauti ya chini. "Naomba sauti ya mtoto."

"Bila shaka, mheshimiwa. Kuna kingine?"

"Huyu wako wa saa sita."

"Bila shaka, mheshimiwa."

Akakata, akamnyanyua namba tano, akamhakikishia kuhusu ndege.

Saa sita ilipokaribia na taa zikatulia, alianza kuchomoa karatasi za kazi kwenye kitabu chake ili azigawe kwa wahudumu. Boti, namba mbili. Ndege, namba tano. Keki. Halafu akasoma mwandiko wake mwenyewe, mzuri, wa kulala upande: *Namba 9. Sauti ya mtoto. Wake wa saa sita.*

Alisoma tena. Alipiga nyumbani, na simu ikalia mara sita, na kwa kawaida Kasuku alikuwa akiipokea ikilia mara moja.

"Mwanangu," mama yake alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia. "Mtoto hasemi."

"Hasemi vipi?"

"Alikuwa anabishana na mimi hapa kuhusu kandambili. Katikati ya neno, ikakatika. Anafungua mdomo inatoka pumzi. Nimempeleka kwa daktari, daktari anasema koo zima kabisa. Anashika masikio yake tu, kama anasikia kitu."

Kengele alimwendea meneja akamwomba boti. Meneja alisema msimu umejaa, akiondoka asirudi, na Kengele akajibu kwamba harudi. Alikwenda kuchukua mkoba wake. Alipouinua kutoka juu ya kiti, taa ya tisa iliwaka.

"Mama?"

Ilikuwa sauti ya Kasuku, yenyewe, na ule mkwaruzo mdogo wa jino lililong'oka.

"Mama, huku kuna maji. Kuna mtu anataka nimuimbie."

Kengele akaketi. Mkoba ulimdondoka. Alielewa kwamba akipanda boti atamkuta mtoto ng'ambo, na sauti ya mtoto ataiacha hapa, chini ya zege, na akiondoka hakuna mwingine atakayeipokea simu ile. Akabaki.

Siku tatu zilizofuata hakuwa mtu. Aliwajibu wageni kwa ile sauti yake ya asali, na kati ya mgeni na mgeni taa ya tisa iliwaka, na hakuambiwa kitu, aliachwa asikilize tu. Mtoto aliimba. Mtoto alihesabu mpaka mia, akaambiwa ahesabu tena. Katikati, ile sauti nyingine ilikuwa ikiomba kwa upole, njoo karibu, na mtoto akijibu hapana, shuka kidogo, hapana, sitaki, weka mguu majini, hapana, nimesema sitaki, na Kengele alikuwa akijiuma ngumi gizani mwa chumba kile kisicho na dirisha, akishukuru kwa kila hapana moja, kwa sababu aliona kwamba mtoto anapigana kwa silaha pekee aliyokuwa nayo. Siku ya pili hapana zikapungua, zikawa za kuchoka, kuna maombi yaliyopita bila jibu, na harufu ya kisima ikaanza kukaa kwenye nywele zake, kwenye sare, kwenye chai. Na siku ya tatu, adhuhuri, jua likiwa juu ya kisiwa na wageni wanagonganisha glasi upande wa pili wa ukuta, ile sauti ilisema shuka kidogo, na mtoto akanyamaza, akanyamaza muda mrefu sana huku maji yakidondoka tone kwa tone, kisha akajibu kwa adabu ambayo hakuzaliwa nayo, "Bila shaka."

Kengele alitoka mbio, akamkuta fundi bomba nyuma ya matangi.

"Kaka, nisaidie. Nimemtoa mwanangu kwa mdomo wangu."

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono yake kwa kitambaa.

"Nina shangazi," alisema. "Nilikuwa naona haya kumtaja."

Shangazi alikuja kesho yake na boti ya nguo chafu, amevaa aproni ya dobi, amebeba furushi la foronya kichwani. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kushona magodoro. Kazi ile nyingine, ya uganga, aliirithi kwa mama yake na hakuipenda. Alikuwa mfupi, mkali, na mwenye haraka. Aliingia kwenye chumba cha simu, akanusa mkono wa simu, akaurudisha mahali pake kama mtu aliyenusa maziwa yaliyoharibika.

"Mlimpa taulo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Chakula?"

"Ndiyo."

"Hela zake mkapokea. Namba yake mkabandika." Akakionyesha kibandiko kwa kidole kilichozoea sindano. "Sasa mnaniita nije kufukuza nini? Ubani ni wa jini aliyevamia. Huyu hakuvamia. Alikuwa amelala kisimani kwake, mkamjengea juu ya kichwa, akaomba taulo, mkamwambia bila shaka. Huyu ni mgeni wenu halali."

"Basi mwanangu nimemkosa?" Kengele aliuliza.

"Sikusema hivyo. Mgeni hafukuzwi kwa ubani. Ananyimwa huduma." Shangazi akaketi juu ya furushi lake. "Kinywa kilichomkubalia ndicho kimkatalie. Ataomba mara tatu. Utasema neno lenyewe, hapana, bila samahani, bila ngoja niulize. Ukishamkatalia la tatu ataachia sauti ya mtoto na kurudi alikotoka. Ila sikia, binti, na hili ndilo kubwa. Sikiliza kila ombi mpaka mwisho wake ndipo ujibu. Huyu hali nyama wala damu. Anaishi kwa watu wanaojibu kabla hawajasikia."

"Nitasikiliza."

"Haya. Tujaribu. Nipe hicho kiti chako."

"Bila sha—" Kengele akajiziba mdomo.

"Tena. Nipe kiti."

"Ha—" Neno lilifika kwenye meno likagoma. Miaka mitatu. Jasho lilimtoka. Shangazi aliomba kiti, akaomba feni, akaomba viatu, na kila mara kilichotoka kilikuwa bila shaka au kikohozi, mpaka fundi bomba, aliyekuwa amesimama mlangoni kuzuia watu, akageuza uso ili asione.

Hapo Kengele alifumba macho, akamkumbuka Kasuku na kandambili zake. Akanyanyua kidevu. Akachomoza mdomo wa chini.

"Hapana," alisema. "Sitaki."

"Umelitoa wapi hilo?"

"Kwa mwanangu."

Shangazi hakucheka. Alisema lifanye liwe lako basi, na muda huohuo, saa sita kamili, taa ya tisa ikawaka.

Kengele alinyanyua simu. Mkono wa pili, kwa mazoea, ulikuwa umeshashika kalamu.

"Naomba taulo," ilisema sauti, kwa adabu ileile ya siku ya kwanza.

Alisubiri. Alisikiliza mpaka tone la mwisho.

"Hapana."

Feni ikasimama. Harufu ya kisima ikajaa chumbani mpaka fundi akaanza kukohoa mlangoni, na vitundu vya mkono wa simu vikaanza kutoa maji, machache, ya baridi, yakimtiririka shingoni na kuingia ndani ya sare.

"Mama." Sasa alikuwa Kasuku. "Mama, nasikia baridi. Huku giza. Naomba uniite jina langu nije kwako, mama, jina langu lile la kweli, mara moja tu."

Hakuna mzazi aliyeumbwa kwa ombi hilo. Kengele aliuma shavu kwa ndani mpaka akaonja chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyoambiwa. Machozi yalimwagika, pua ikamwagika, akanyanyua kidevu.

"Hapana."

Taa zote tisa zikawaka pamoja. Simu zote za kisiwa zikalia, zile za vitandani, zile za bafuni, zile za kando ya mabwawa ya kuogelea, na ubao ukalia, na maji yakaanza kupanda sakafuni kutoka kusikoonekana, yakamfikia kwenye vifundo vya miguu, na kwenye sikio lake zile sauti mbili, ya mgeni na ya mtoto, zilianza kusema kwa pamoja, polepole, haya nimeshiba nakwenda, sauti naiacha, na yeye alikuwa amebakiza neno moja tu kinywani, alilishikilia kwa meno, alilisukuma, aliogopa lisije likamponyoka likarudi tumboni kama lilivyofanya asubuhi nzima, na zile sauti zilikuwa bado zinaendelea kusema kitu, ombi refu, la upole, na kalamu mkononi mwake ilikuwa inaandika, na mdomo wake ukafunguka.

"Hapana!" alipiga kelele. "Hapana, sitaki!"

Simu zote zikakoma kulia.

Taa zote tisa zikazimika. Feni ikaanza tena kunung'unika. Sakafu ilikuwa kavu, ila viatu vyake vilikuwa vimelowa.

"Uliisikiliza ya tatu mpaka mwisho?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo," Kengele alisema, na wakati huo aliamini hivyo. Aliichomoa karatasi ya kazi akaitia mfuko wa sare bila kuitazama, maana alikuwa ameshaanza kupiga nyumbani.

Simu ililia mara moja.

"Mama!" alisema Kasuku. "Mama, naongea! Bibi, njoo usikie, naongea!"

Kengele aliegemea ukuta akateleza mpaka chini. Alilia kwa sauti kubwa kiasi kwamba mpishi aliingia na mwiko mkononi. Shangazi alibeba furushi lake, akakataa malipo, akamwambia fundi ajitahidi kumtembelea japo siku za kawaida.

Kabla Kengele hajainuka, taa ya tatu iliwaka. Ilikuwa siku ya kumi ya yule mwalimu mstaafu.

"Mwanangu, naondoka na boti ya saa tisa. Nimepiga kukuuliza mara ya mwisho. Hapa panalingana na hela niliyotoa?"

Meneja alikuwa amefika mlangoni, tai imepinda, anataka kujua kwa nini simu zote zimelia. Kengele alimtazama usoni.

"Hapana, mama," alisema kwenye simu. "Hapalingani. Si kwako, wala kwangu."

Yule mama akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Asante. Mume wangu naye angesema hivyohivyo, siku ya kwanza tu."

Meneja hakuhitaji kumfukuza. Kengele alikuwa ameshaweka mkono wa simu mezani na kuchukua mkoba. Walivuka na boti moja, yeye na mwalimu, wameketi kando kwa kando, na hakuna aliyegeuka kukitazama kisiwa.

Nyumbani alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika mbavu. Sauti ilikuwa ileile, na mkwaruzo uleule wa jino. Kasuku alisimulia yote kwa mpigo, kandambili, daktari, paka wa jirani, na Kengele alikuwa akisikiliza kila neno mpaka mwisho wake, akajiapiza kwamba hivyo ndivyo atakavyosikiliza maisha yake yote.

"Umekula?" alimuuliza.

"Bila shaka, mama."

Kengele alitabasamu. Mtoto ameniiga, aliwaza.

Bibi alileta kikombe cha maziwa akakiweka mezani kwa wasiwasi wa mtu aliyezoea vita. Kasuku alikinywa chote. Hakukunja hata uso.

"Unaona mjukuu wangu alivyokuwa mtiifu?" Bibi alifurahi. "Toka mchana, ukimwambia jambo anafanya. Nikuongezee?"

"Bila shaka, bibi."

Akanywa cha pili. Akaongezwa cha tatu, akanywa, na maziwa yalikuwa yakimtoka pembeni mwa mdomo na macho yamemtoka, na bado alikinyoosha kikombe. Kengele alimnyang'anya.

"Inatosha. Kasuku, nitazame. Unayataka haya maziwa?"

"Bila shaka, mama." Machozi yalikuwa yakimteremka mtoto huku akisema hivyo.

"Sema hapana. Mwanangu, sema tu, hapana, sitaki, kama zamani."

Mtoto alinyanyua kidevu. Alichomoza mdomo wa chini, kama alivyozoea. Akasukuma, akasukuma tena, na kilichotoka kinywani mwake kilikuwa pumzi, pumzi ya baridi, yenye harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi.

Mkono wa Kengele uliingia wenyewe kwenye mfuko wa sare. Karatasi ya kazi ilikuwa imelowa, lakini mwandiko wake ulisomeka, mzuri, wa kulala upande: *Namba 9. Anaondoka. Sauti anaiacha. Lile neno ambalo mtoto alimshinda nalo, hapana yake, amrudishie mtoto pia?*

Na chini yake, kama ilivyo desturi ya kazi, jibu alilopewa mgeni: *Hapana.*

Nje uani, kwenye tangi la maji, bomba lilikuwa linadondoka. Tone, kimya kirefu, tone. Bibi alisema lile bomba lilikuwa zima jana. Kasuku aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, akatega sikio, kama mtu anayeitwa kwa upole na mtu asiyeonekana.

"Bila shaka," alijibu, na akashuka kwenye kiti.

Kengele alimdaka mkono alipofika kizingitini. Mpaka leo anamshika, shuleni, sokoni, na kitandani pia, na watu wa mtaa wanasema mama yule anamdekeza mtoto.